Mwenye Nyumba na Ufagio Wake: Seli Shina na Uzee wa Mwili

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri mjini Tanga, mbele ya wastaafu na familia zao. Walioshindwa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ndugu zangu, na nyinyi vijana mliowasindikiza wazazi wenu, habari za mchana. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu na kuja kunisikiliza.

Naomba nianze na miguu miwili.

Miaka mitatu iliyopita, nyumbani kwetu, watu wawili walivunjika mguu ndani ya mwezi mmoja. Wa kwanza alikuwa mwanangu wa mwisho, miaka 14, aliyevunjikia uwanjani akigombania mpira. Wa pili alikuwa baba yangu, miaka 76, aliyeteleza bafuni. Wote wawili walifungwa hogo. Wote wawili mfupa uliunga sawasawa, daktari akaridhika. Mliowahi kufungwa hogo mnajua mguu unavyotoka mle ndani: umenywea, ngozi imepauka na inabanduka magamba, shavu la mguu limekwisha. Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikawapima wote wawili wakiwa wamekaa kwenye mkeka mmoja.

Miezi miwili baadaye mguu wa mtoto ulikuwa umejaa, huwezi kujua ni upi uliovunjika. Na wa baba? Sentimita 3 pungufu. Nikapima tena baada ya miezi sita. Sentimita 3 pungufu. Baada ya mwaka, bado.

Jioni moja baba akaniuliza: "Mwanangu, sufuria ni moja, ugali ni ule ule, samaki ni yule yule. Mbona wa mjukuu wangu umerudi na wangu haurudi?" Mimi nafundisha wauguzi jinsi mwili unavyofanya kazi, ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Na jibu nililompa, naona haya kulisema mbele yenu, lilikuwa hili: "Ni uzee, baba." Akanitazama kwa muda, akasema: "Kwamba ni uzee najua. Nauliza kwa nini."

Haya nitakayosema leo ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Wazee wangu, miili yetu inabomoka na kujengwa upya kila siku. Chukueni damu. Chembe nyekundu moja inaishi siku 120 hivi, kisha inavunjwa. Ili pengo lisionekane, uloto ulio ndani ya mifupa yenu unatengeneza chembe mpya kiasi cha milioni 2 kila sekunde. Tangu nianze sentensi iliyopita hadi sasa, kila mmoja aliyeketi hapa amepata mpya zaidi ya milioni 10, na hakusikia kitu.

Zinatoka wapi? Zinatoka kwa seli chache sana tunazoziita seli shina. Uloto una zake, msuli una zake, ngozi ina zake, utumbo una zake. Seli shina ikigawanyika, mtoto mmoja anakwenda kuwa damu au msuli, na mwingine anabaki kuwa shina, akisubiri siku nyingine.

Sasa naomba mlishike neno hili, maana mengine yote yanasimama juu yake. Seli ya kawaida ni mpangaji. Seli shina ni mwenye nyumba.

Nina maana gani? Ndani ya kila seli vitu vinaharibika. Protini zinajikunja vibaya, mitokondria zinachakaa, na mitokondria ndiyo majiko yanayotoa nguvu ya seli. Seli inayogawanyika mara kwa mara haisumbuki sana na taka hizo. Kila ikigawanyika, taka inagawanywa nusu kwa nusu. Ikigawanyika mara kumi, kila mmoja amebaki na punje. Na seli za ngozi na za utumbo ndiyo kabisa, zinakufa na kutupwa pamoja na uchafu wake. Mpangaji kahama, chumba kimeanza upya.

Lakini seli shina za msuli na nyingi za damu hazigawanyiki ovyo. Zimelala. Zinalala wiki, miezi, zingine miaka, zikisubiri jeraha au upungufu. Hazihami. Kila kinachovunjika ndani yake kinabaki pale pale alipo. Je, nyumba isiyohamwa miaka 60, miaka 70, nani anaifagia?

Anafagia mwenyewe. Amelala, lakini anafagia.

Kufagia huko kunaitwa otofajia. Ni Kigiriki, maana yake kujila mwenyewe. Neno hilo lilitolewa mwaka 1963 na Mbelgiji Christian de Duve, ambaye mwaka 1955 alikuwa ameeleza kifuko kilichomo ndani ya seli kinachoitwa lisosomu, kimejaa tindikali na vimeng'enya vya kusagia. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Kisha kwa miaka mingi jambo hili halikuwashughulisha wengi. Lisosomu ilihesabiwa kuwa jalala, na nani anataka kumaliza ujana wake akichunguza jalala?

Alikuwepo mmoja, Yoshinori Ohsumi wa Japani. Alipata maabara yake mwenyewe Tokyo mwaka 1988, akiwa na miaka 43, umri ambao wenzake wengi walikuwa wamekwisha kujulikana. Mama zangu, kitu alichochunguza mnakijua kuliko yeye. Ni hamira! Hamira hii hii mnayotia kwenye maandazi. Kila punje ya hamira ni mkusanyiko wa viumbe vya seli moja moja, na kila seli ina kifuko chake kikubwa cha kusagia taka.

Shida ilikuwa moja. Taka ikiingia kwenye kifuko inasagwa haraka, huwezi kuiona. Ohsumi akafikiri: na kama nikichukua hamira isiyo na vimeng'enya vya kusagia? Taka itaingia lakini haitasagwa, itarundikana, nami nitaiona. Akaichukua hamira hiyo akainyima chakula. Baada ya saa chache akatazama kwa hadubini ya kawaida, ya mwanga, kama zile za shule. Kifuko kilikuwa kimejaa vijipovu vinavyochezacheza ndani yake. Hapo alikuwa anaiona otofajia kwa macho yake. Aliyachapisha hayo mwaka 1992, na mwaka uliofuata, yeye na mwanafunzi wake wakatangaza aina 15 za hamira zilizoshindwa kufagia, kila moja kwa sababu ya jeni moja iliyoharibika. Jeni nyingi katika hizo zina ndugu zao ndani yako wewe na mimi. Mwaka 2016 alipewa Nobel peke yake, bila kugawana na mtu.

Ufagio wenyewe unafanyaje kazi? Mmewaona wale vijana wanaopita na mkokoteni wakiita "vyuma chakavu"? Sufuria iliyotoboka, bati lililooza, anavichukua, vinakwenda kuyeyushwa, vinarudi ni nondo za kujengea. Ndani ya seli ni hivyo hivyo. Utando mwembamba unaanza kujikunja pembeni ya kitu kilichoharibika. Unakizunguka, unafunga mdomo, umekuwa kiroba. Kiroba kinapelekwa hadi kwenye lisosomu, kinaungana nayo, na vilivyomo vinasagwa mpaka vinakuwa asidi amino, yaani matofali yale yale ya kujengea protini mpya. Hakuna kinachopotea. Ndiyo maana hamira yenye njaa ilifagia kwa nguvu zaidi: ilikuwa inatafuta matofali ndani ya nyumba yake yenyewe.

Sasa turudi kwenye mguu wa baba.

Mwaka 1961 Alexander Mauro, huko New York, alikuwa anatazama msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni. Akaona vijiseli vidogo vimebanwa ukingoni mwa uzi wa msuli, vimetulia. Akaviita seli satelaiti. Hizo ndizo seli shina za msuli. Ukiumia zinaamka, zinagawanyika, zinajaza palipopungua, na baadhi zinarudi kulala.

Mwaka 2016 kundi la Pura Muñoz-Cánoves, Barcelona, lilitoa utafiti ambao kwangu ni kati ya kazi nzuri kabisa nilizowahi kusoma. Walichukua seli hizo kwa panya vijana na kwa panya wakongwe, wa miezi 28 na zaidi. Kwa panya huo ni umri wa babu wa babu. Kwa vijana waliona seli imelala na inafagia, kila siku, bila kungoja jeraha. Kwa wakongwe ufagiaji ulikuwa umekwama. Viroba vipo, taka ipo, lakini kazi haifiki mwisho. Mitokondria mbovu zimejazana, zinatoa moshi wa kikemia unaochoma kila kilicho karibu. Na seli ikifika hapo inabadilika. Inatoka usingizini na kuingia katika hali nyingine, ukongwe wa seli. Kwa nje zinafanana, zote zimetulia. Lakini aliyelala ukimwita anaamka. Huyu mwingine ukimwita haamki. Mguu umevunjika, msuli unaita, na seli haiwezi tena kugawanyika.

Baba, kwa sababu najua utaisoma hotuba hii: ugali ulikuwa ule ule kweli. Waliopungua ni mafundi wa kuugeuza kuwa msuli. Si sababu pekee, kuna mishipa ya fahamu, kuna homoni, kuna kukaa sana. Lakini hii ni mojawapo, na ndiyo niliyoshindwa kukueleza siku ile.

Lakini mtauliza, na mna haki ya kuuliza: tutajuaje kama taka ndiyo iliyoleta uzee, na si uzee ulioleta taka? Swali hilo hilo wale wa Barcelona walijiuliza. Wakachukua panya vijana, wakaizima jeni moja ya ufagio katika seli shina zao za msuli. Seli za kijana zikawa kama za mkongwe. Kisha wakageuza upande wa pili. Wakachukua seli za wakongwe, wakaurudisha ufagio, mara kwa dawa, mara kwa jeni. Zikaamka! Zikagawanyika, na zilipopandikizwa kwenye msuli uliojeruhiwa zikafanya kazi ya kuutengeneza. Nyumba ilikuwa chafu, lakini haikuwa imebomoka. Niliposoma sehemu hiyo mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikatoka nje nikasimama uwanjani.

Kwenye damu mambo yana sura nyingine, na hapo naomba nimtaje bibi mmoja wa Kiholanzi, Hendrikje van Andel-Schipper. Alizaliwa mwaka 1890. Akiwa na miaka 82 aliandika kuutoa mwili wake kwa sayansi. Akiwa na miaka 111 alipiga simu Chuo Kikuu cha Groningen kuuliza kama bado wanautaka, akihofia kwamba sasa amezeeka mno hautawafaa. Akafariki mwaka 2005, miaka 115, akili yake timamu. Watafiti walipoichunguza damu yake, walikuta sehemu kubwa ya chembe zake nyeupe, karibu theluthi mbili, zimetokana na seli shina mbili tu zenye undugu. Mbili! Kwa mtu wa makamo seli hizo huhesabiwa kwa maelfu. Wenye nyumba walikuwa wameondoka mmoja mmoja, na wawili wakabaki wameshika mtaa mzima.

Je, wale wanaobaki wana nini? Utafiti wa bibi huyo haukuangalia ufagio, nisiwadanganye. Lakini mwaka 2017 Emmanuelle Passegué na wenzake walichunguza seli shina za damu za panya wazee, wakakuta hazifanani. Karibu theluthi moja zilikuwa zinafagia kwa bidii, na hizo ndizo zilizofanya kazi karibu kama za ujanani. Zile nyingine, zisizofagia, zilikuwa macho wakati wote, zinakula nguvu, na zikiitwa kazini zinatoa damu vibaya.

Na kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo hata mimi lilinibadilisha fikra. Ufagio katika seli hizo hauondoi mitokondria mbovu tu. Unaondoa hata nzima zinazofanya kazi. Kwa nini uondoe jiko zima? Fikirini jiko linalowaka usiku kucha bila chungu juu yake. Kuni zinakwisha, nyumba inajaa moshi, na mwenye nyumba halali. Seli shina inapunguza majiko ili iweze kulala, maana kulala ndiko kunakoitunza.

Ubongo nao una seli shina, angalau katika panya ambao tumewachunguza vizuri. Kundi la Anne Brunet, Stanford, lilionyesha mwaka 2018 kwamba zikiwa zimelala zinahifadhi mabonge ya protini ndani ya lisosomu kubwa, na uzeeni mabonge yanazidi na kuamka kunakuwa kugumu. Yakisafishwa, uwezo wa kuamka unarudi kwa kiasi.

Ndugu zangu, najua swali lililo mioyoni mwenu. Tufanye nini? Tule nini, tununue nini?

Nitaanza na cha kutonunua. Dada yangu, kwa mapenzi tu ya kumpenda baba, alimnunulia maboksi ya vipakiti vya unga. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alimwambia ni "seli shina" na kwamba zitamrudishia mguu. Boksi moja lilizidi pensheni ya baba ya mwezi. Sikilizeni, na mkawaambie majirani. Seli shina hai huhifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kilichokaa kwenye pakiti, juu ya rafu, katika joto la Tanga, hakina seli hai hata moja. Na hata ingekuwamo, tumbo lingeisaga kama linavyosaga nyama. Matibabu ya seli shina ya kweli yapo, na yapo hapa nchini: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imewapandikizia uloto watoto wenye selimundu. Hayo ni matibabu ya hospitali, yenye vipimo na uangalizi wa wiki nyingi. Hayauzwi kwenye boksi.

Na ile dawa iliyoziamsha seli za panya wakongwe? Hiyo ni ya kweli, na historia yake ni nzuri. Mwaka 1964 msafara wa madaktari kutoka Kanada ulichukua udongo kwenye kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya Pasifiki. Katika udongo huo mwanasayansi Suren Sehgal, mwenye asili ya India, akiwa Montreal, alipata bakteria anayetoa kitu kinachoua kuvu. Wakakiita rapamaisini, kwa jina la kisiwa. Maabara ilipofungwa na kazi kusimamishwa, Sehgal aliipeleka nyumbani kwake akaitunza kwenye friza ya familia, miaka kadhaa, mpaka kazi ikaanza upya. Mwaka 1999 iliidhinishwa Marekani kwa waliopandikizwa figo. Mwaka 2009 panya walioanzishiwa wakiwa na siku 600, umri kama wa miaka 60 kwetu, waliishi muda mrefu zaidi: kwa kipimo walichotumia, madume asilimia 9, majike asilimia 14. Inafanya kazi kwa kumnyamazisha msimamizi mmoja ndani ya seli, protini inayoitwa mTOR. Chakula kikiwa tele msimamizi anasema "jengeni". Chakula kikipungua ananyamaza, na ufagio unashikwa.

Lakini wagonjwa wa figo wanapewa kwa sababu inapunguza kinga ya mwili. Inaleta vidonda mdomoni, inapandisha mafuta kwenye damu. Na ufagio wenyewe haumsaidii kila mtu: seli ya saratani ikibanwa na njaa hufagia ili iishi. Kwa hiyo nawaomba, msiitafute dukani.

Kuhusu kufunga. Waislamu wenzangu mnaniuliza kila Ramadhani, na Wakristo mnaniuliza kila Kwaresima. Funga ni ibada, naomba tusiigeuze kidonge. Panya akinyimwa chakula siku moja amepoteza sehemu kubwa ya uzito wake, si sawa na mtu kuanzia alfajiri hadi magharibi. Na hakuna kipimo cha kawaida hospitalini cha kuona seli shina zako zinafagia kiasi gani. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akifunga bila kuzungumza na daktari, sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka. Nimemwona aliyeanguka.

Kimoja nitakisema kwa moyo mweupe. Mwaka 2012 kundi la Beth Levine, huko Texas, liliwakimbiza panya kwenye mashine, na ndani ya dakika 30 ufagio ulikuwa umepanda kwenye misuli yao. Walipotumia panya ambao ufagio wao hauwezi kupanda kwa mazoezi, faida ya mazoezi kwenye sukari ya damu ilipotea. Tembeeni, wazee wangu. Simameni kitini bila kushika meza, kaeni, simameni tena. Mama zangu, mkiwa mnafanya hivyo kwa miaka jikoni na shambani, msiache siku watoto wanapowaambia "pumzika sasa".

Baba alianza mwaka jana. Ana miaka 79. Kila asubuhi baada ya chai anakaa barazani, anafunga chupa ya maji kwenye kifundo cha mguu kwa kitambaa, ananyoosha goti, analishusha. Mara 10, anapumzika, mara 10 tena. Siwezi kuona ndani ya seli zake, na sitawaambia kinachoendelea mle. Nina futi yangu ya fundi cherehani tu. Mwezi uliopita ilisoma sentimita 2 pungufu. Na juzi aliniagiza nimletee chupa ya lita moja na nusu, kwa sababu ile ya nusu lita, amesema, imekuwa nyepesi.